Kabla ya Kuchimba Kisima: Mtaalamu Ana Uhakika Kiasi Gani?

Kijiji kinapochangia gharama za kisima kirefu, wananchi hutarajia mtaalamu wa miamba aoneshe mahali penye maji. Hata hivyo, mtaalamu hayaoni maji yenyewe. Huona vipimo, kisha huvitafsiri.

Katika maeneo ya miamba ya granaiti, kama sehemu kubwa ya Dodoma na Singida, maji hukaa katika nyufa na katika tabaka la mwamba uliolika juu ya mwamba mgumu. Mpimaji hupitisha umeme ardhini na kupima jinsi ardhi inavyouzuia. Tabaka lenye maji huupitisha kwa urahisi. Lakini udongo wa mfinyanzi nao huupitisha, na maji ya chumvi huupitisha zaidi. Hivyo kipimo kimoja chaweza kumaanisha kisima kizuri, kisima kisichotosheleza, au maji yasiyonyweka.

Tatizo hili ni la kila mahali. Mwaka 2007 Clare Bond na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambamo picha moja ya matabaka ya ardhi, iliyobuniwa ili jibu lake lijulikane, ilitafsiriwa mara 412 na washiriki wa viwango mbalimbali vya uzoefu. Asilimia 21 tu ya tafsiri hizo zilikuwa sahihi. Watafiti hao walieleza kwamba ujuzi alionao mtu tangu awali huathiri anachokiona.

Haimaanishi kwamba mtaalamu apuuzwe. Yafaa shaka yake ipimwe kwa utaratibu ufuatao:

1. Wataalamu wawili au zaidi wasome vipimo, kila mmoja peke yake.
2. Kila mmoja ataje makadirio matatu ya kina na ya wingi wa maji: cha chini, kinachotarajiwa na cha juu.
3. Wakutane na kutoa sababu. Tofauti zao zisifichwe, kwani ndizo zinazoonesha ukubwa wa shaka.
4. Kumbukumbu za visima vya jirani zilinganishwe, vikiwemo vilivyotoka vikavu.

Mkandarasi akishachimba, fedha za kisima kikavu hazirudi kirahisi. Kwa hiyo, katika mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya kuidhinisha eneo, wananchi waulize: Ni kitu gani kingine kingeweza kutoa kipimo hiki? Katika visima kumi vya mahali kama hapa, vingapi hutoa maji? Tukikosa, tutachimba wapi, na kwa fedha zipi?