Nguo ya Maskini

Usiku wa baridi, mtoto mkubwa akimnyang'anya mdogo wake blanketi, baba huamka na kusema kwa sauti kali, "Mrudishie sasa hivi!" Neno ni moja, nalo limetoka katika kinywa kimoja, lakini watoto wale wawili hawalisikii sawasawa. Mkubwa husikia ukali, akanuna, akadhani kwamba baba hampendi. Mdogo husikia upendo, akajifunika, akalala. Na kwa kweli baba amewapenda wote wawili: mdogo amemwokoa na baridi, na mkubwa amemwokoa na tabia ya unyang'anyi, ijapokuwa huyo mkubwa pengine hatalijua jambo hilo mpaka awe na watoto wake mwenyewe.

Watu wengi huzisikia amri za Mungu kwa masikio ya yule mtoto mkubwa. Huona makatazo tu, usifanye hili, usifanye lile, nao huchoka upesi. Basi na itazamwe amri moja ya Torati, tena si katika zile kumi ambazo kila mwanafunzi huzijua kwa moyo, bali amri ndogo ambayo wasomaji huipita bila kusimama.

Katika nchi ya Israeli ya zamani, mtu maskini alikuwa na nguo moja kubwa ya kujitanda. Mchana aliivaa juu ya kanzu yake, na usiku ilikuwa ndiyo blanketi lake, maana hakuwa na jingine. Nchi ile ina milima, na usiku wa milimani huwa na baridi hata baada ya mchana wa jua. Maskini alipopungukiwa na chakula alikwenda kukopa kwa mwenye mali, naye mwenye mali alitaka rehani. Lakini maskini hakuwa na kitu cha kuweka ila nguo ile. Torati haikumkataza mwenye mali kuipokea. Lakini katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Mungu aliamuru irudishwe kwa mwenyewe kabla ya jua kuchwa. Kisha akafanya jambo ambalo wafalme hawalifanyi sana katika sheria zao: alieleza sababu. Aliuliza mtu yule atalalia nini, akasema ya kuwa akimlilia atamsikia, kwa sababu yeye ni mwenye huruma.

Hakimu haulizi swali la namna hiyo. Ni baba aulizaye hivyo, azungukaye nyumbani usiku na kutazama kama kila mtoto amejifunika.

Amri nyingine ni ndugu za hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mwenye kukopesha akatazwa kuingia nyumbani mwa maskini ili kuchukua rehani. Sharti angoje nje mpaka aletewe, ili maskini asiaibishwe mbele ya mkewe na watoto wake. Tena akatazwa kuchukua jiwe la kusagia, maana nyumba isiyoweza kusaga haili. Na katika sura ya 22, mtu ajengaye nyumba mpya aamriwa kujenga ukuta mfupi kuzunguka dari, kwa kuwa madari ya nchi ile yalikuwa sawa, na watu walipanda kukaa juu yake, na mtu aliweza kuanguka akafa. Kitabu hicho hicho, katika sura yake ya kwanza, chawakumbusha Waisraeli ya kwamba Mungu aliwachukua jangwani kama mtu amchukuavyo mwanawe. Yeye aliyewabeba ndiye aliyewapa amri hizi.

Lakini si wote waliozishika. Nabii Amosi aliwakaripia watu waliojilaza juu ya nguo za rehani kando ya madhabahu, kana kwamba Mungu angependezwa na ibada ya namna hiyo!

Na katika mwaka 1960, katika magofu ya ngome ndogo iliyoko pwani, kusini ya Tel Aviv, wachimbaji wa mambo ya kale waliokota vigae vya chungu vilivyoandikwa kwa wino, kwa lugha ya Kiebrania. Vilipounganishwa, ikaonekana ni barua ya mvunaji kwa liwali wa mahali pale, ya karne ya saba kabla ya Kristo. Mvunaji yule asema ya kuwa alivuna, akapima nafaka, akaiweka ghalani kama siku zote. Ndipo Hoshayahu mwana wa Shobai akaja akamnyang'anya nguo yake, na sasa siku kadhaa zimepita. Asema wenzake waliovuna pamoja naye juani watamshuhudia kwamba hana hatia.

Barua haiitaji Torati, wala jina la mvunaji halimo. Pengine hakujua kuandika, akamtafuta karani amwandikie. Hakuwa na mali wala jamaa mkubwa wa kumsemea. Usiku ule wote alilalia nini, hakusema. Mwisho wa barua umevunjika, lakini ombi lake lasomeka hata leo: arudishiwe nguo yake.