Ketamini na Kiwewe cha Vita

Swali: Daktari, kaka yangu, mwanajeshi, alijeruhiwa vitani Semuliki, Kongo, Desemba 2017, akafanyiwa upasuaji kwa dawa ya usingizi ya ketamini. Hadi leo hushtuka usiku akipiga kelele. Chanzo ni dawa ile? – Msomaji, Busisi

Jibu: Poleni sana. Ketamini huweza kuleta njozi za kutisha mgonjwa anapozinduka, lakini huisha baada ya saa chache. Utafiti wa 2008 kwa askari wa Marekani walioungua ulikuta kiwewe kwa asilimia 27 ya waliopewa ketamini, wasiopewa, 46. Uchunguzi wa baadaye haukuona tofauti, hivyo siiiti kinga. Naamini kinachomtesa ni vita yenyewe, nacho hutibika hata miaka ikipita. Mpeleke Hospitali ya Bugando, kitengo cha afya ya akili. Njiani, kwa daraja la Kigongo–Busisi, hamsubiri tena kivuko. Na msimwambie ajikaze.