SOMO: UNENE SI BARAKA SIKU ZOTE
Soma: 1 Wakorintho 6:19-20

Wapendwa katika Bwana, tulipokimbia vita tulikonda kwa njaa, ndiyo maana mtu akinenepa tunasema, "Amebarikiwa." Lakini mwili ni hekalu, na unene uliozidi huleta kisukari na shinikizo la damu. Shinikizo laweza kukaa mwilini bila maumivu yoyote. Tusingoje kuanguka. Twende zahanati tupimwe. 140/90 au zaidi, ikirudia siku nyingine, si ya kupuuzwa. Dawa tusiziache kwa sababu tumeombewa au tumepata nafuu. Tupunguze chumvi, mafuta na sukari. Tule mboga, tutembee. Wala tusimcheke ndugu mnene, asije akaogopa mizani.

Swali: Nyumbani mwetu, nani hajapimwa?

Bwana awabariki.