Fedha za Tabianchi: Zinafikaje Wadini Kwako?

Mwaka 2009, mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuwa kufikia 2020 zitakuwa zinachangisha dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko ya tabianchi. Lengo hilo lilifikiwa 2022. Kule Baku, 2024, ahadi ikapandishwa hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mkulima wa Marungu, Taita Taveta, ambaye mahindi yake yamekauka ana haki ya kuuliza: zangu ziko wapi?

Njia mojawapo nchini Kenya ni FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii, unaosimamiwa na Hazina ya Taifa. Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021, na wafadhili wengine, Ujerumani ikiwemo, wakaongeza. Fahamu kwamba hizo milioni 150 ni mkopo. Tutaulipa sisi na watoto wetu.

Kaunti haipewi fedha za miradi hivi hivi. Sharti iwe na sheria ya tabianchi, mfuko maalumu na kamati za wadi. Ndiyo maana ruzuku ya kwanza ilikuwa ya kujenga uwezo. Lakini uwezo si semina ya hotelini na posho. Tuseme wadi ya Sagalla imechimbiwa kisima chenye pampu ya sola. Ndovu wa Tsavo wakivunja bomba usiku, nani ana namba ya fundi? Ada ya maji inaandikwa katika daftari gani, na nani mwingine hulikagua? Kamati isiyo na majibu hayo itabaki na kisima kikavu na paneli zilizoibwa.

Njia nyingine ni kuuza hati za kaboni, yaani malipo kwa hewa chafu iliyozuiwa. Mradi wa msitu wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani, 2011, kupata hati za REDD+ (kuzuia ukataji na uharibifu wa misitu) chini ya VCS, kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha kaboni. Tangu marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023, miradi ya kaboni ya ardhi hutakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama za uendeshaji zikishaondolewa. Uliza ni gharama zipi, na nani kazihesabu.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo 30 Aprili. Nenda kwa msimamizi wa wadi mapema, uombe orodha ya miradi ya tabianchi na majina ya wanakamati, kisha uhudhurie vikao vya maoni ya wananchi. Hakuna ada ya kuingia.