Kwa Nini Ruzuku Haigawiwi Mtu Mmoja Mmoja

Swali: Sisi ni kikundi cha wakulima nje kidogo ya Sumbawanga. Twasikia kwamba Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam hutoa fedha za kupambana na ufukara. Mbona haziwafikii mafukara wenyewe?

Jibu: Ndugu msomaji, taasisi hiyo, iliyoasisiwa mwaka 2002, haikukusudiwa kugawa sadaka mlango kwa mlango, bali kuziauni jumuiya za wenyeji, ambazo, kwa kuwa zaishi na watu na kuyajua madhila yao, zina busara ya kupambanua lipi litangulie. Kwa mfano, mgeni ayaonaye matuta ya mviringo ya Ufipa, ambamo mkulima hufukia nyasi mbichi chini ya udongo zioze ziwe mbolea, aweza kuyadhania ukale mtupu, akahimiza yasawazishwe. Mwenyeji hawezi kughafilika hivyo.

Basi, mkitaka ruzuku yake, anzeni na usajili, ama kwenye halmashauri kama kikundi, ama kama shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Kisha tengenezeni hesabu: kila shilingi na stakabadhi yake, hata nauli ya bodaboda, na daftari likae kwa mweka hazina (si kwa mwenyekiti, tafadhalini).

Lakini ikiwa haja yenu hasa ni mtaji wa mbegu, ruzuku ya namna hii si mlango wenu. Kaulizeni halmashauri mikopo isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu.