Zizi Tupu, Moyo Uliojaa

Somo la wiki: Habakuki 3:16–19



Sisi wa Kitale na Bungoma tunajua hesabu ya shamba. Mahindi yakikauka, karo inakwama na deni la mbolea linabaki palepale. Ndugu zetu wa Webuye wanajua pia hesabu ya kiwanda. Pan Paper ilipofungwa mwaka wa 2009, aliyeumia si mfanyakazi peke yake. Mwenye ploti, mama mboga, mtu wa bodaboda, wote waliguswa.

Nabii Habakuki naye alipiga hesabu. Soma mstari wa 17: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Vitu sita, na kila kimoja jibu ni sifuri. Hakuficha hasara. Lakini mstari wa 18 anaamua kumfurahia Bwana. Tunajifunza nini?

1. Furaha si kukana maumivu. Mstari wa 16 mwili wake unatetemeka, na katika 1:2 anamuuliza Mungu atalia mpaka lini. Kwa hivyo ukilia kwenye maombi, hujapoteza imani. Na ukienda matangani, usimwambie mfiwa achangamke. Keti naye, ulie naye (Warumi 12:15).

2. Hakufurahia zizi tupu. Alimfurahia Mungu wa wokovu wake. Biashara ikianguka, mtaji unaisha. Lakini Mungu hakuwa sehemu ya mtaji huo, basi hajaisha.

3. Mateso yanaweza kuzaa huduma. Hatusemi tunajua sababu ya kila msiba. Hata Ayubu hakuambiwa yake. Ila Paulo anasema Mungu hutufariji ili nasi tuwafariji wengine (2 Wakorintho 1:4). Aliyewahi kulala njaa ndiye anajua kubisha mlango wa jirani bila kumwaibisha.

Zoezi: Andika hasara zako zote kwenye karatasi, uzisome mbele za Mungu bila kupunguza hata moja. Kisha mkumbuke mtu mmoja anayepita pale ulipopita wewe. Mtembelee kabla ya Jumapili. Usiende mikono mitupu. Gorogoro moja la mahindi nalo ni mahubiri.

Tuombe: Baba, unaona zizi letu. Tupe nguvu ya leo, na utuonyeshe wa kumbebea mzigo. Katika jina la Yesu, Amina.