Mvua ya Alfajiri na Upepo wa Kusi

Aliyewahi kulala Jambiani, Unguja, mwezi wa nne anaijua sauti hii. Kwanza minazi inavuma, kisha kimya kidogo, kisha bati linapigwa kama mtu amemwaga pishi ya kunde. Ni saa kumi alfajiri. Nje wanawake wawili watatu wamekimbilia mwani waliouacha kwenye turubai. Wanakunja pembe nne na kuuburuta hadi barazani. Saa tatu asubuhi mwani umerudi juani, na mchanga hauna hata dalili kwamba ulilowa. Mgeni huuliza: hii ndiyo masika yenyewe? Ndiyo. Na maswali mengine anayouliza ni yale yale ambayo sisi wenyeji tunaulizana kila mwaka.

Kusi huanza lini hasa?

Haina tarehe. Upepo wa kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Karibu na tarehe 20 au 21 Machi jua la utosi huvuka ikweta kwenda kaskazini, na ukanda wa mvua, pale pepo za kaskazi na za kusi zinapokutana, hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Ukanda huo ukiwa juu yetu upepo haueleweki, leo huku kesho kule. Mabaharia huuita wakati huo tanga mbili. Kisha kusi inakamata kutoka kusini-mashariki, ikija moja kwa moja kutoka baharini, na haituachi mpaka kwenye Oktoba. Dar es Salaam na Unguja hupata mvua nyingi zaidi Aprili, Mombasa Mei.

Mbona mvua inakuja usiku na alfajiri? Bara si hunyesha alasiri?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake lina faida kwa kila anayeanika kitu. Bara ardhi hupata moto mchana, hewa hupanda, na kufika alasiri mawingu yamejaa na radi inapiga. Pwani kazi hiyo hufanyika usiku. Jua likizama, nchi kavu hupoa upesi, lakini bahari haipoi; Aprili maji ya juu huwa na joto la nyuzi 28 hivi, usiku na mchana. Hewa iliyopoa juu ya ardhi huteleza kwenda baharini. Ni upepo mwepesi tu, ule ambao mvuvi hutoka nao usiku. Huko nje unakutana uso kwa uso na kusi inayoingia. Hewa ya kusi haina pa kwenda ila juu, na kwa kuwa imebeba mvuke wa bahari yenye joto, ikipanda inageuka mawingu. Kusi inayasukuma mawingu hayo mpaka juu ya mapaa yetu.

Kufika saa tatu au nne asubuhi, ardhi imeshapata joto, upepo wa nchi kavu umekufa, na mawingu yanaanza kuachana. Kwa hiyo wingu jeusi la saa kumi na moja alfajiri lisikufanye uahirishe safari ya saa nne. Ila tazama mashariki. Ukiona bahari imegeuka rangi ya risasi chini ya wingu, na upepo unakuja wa baridi ghafla, una dakika chache tu za kuingiza vitu ndani. Wingu likiziba upande wote tangu jana na upepo umetulia kabisa, hiyo ni habari nyingine: mvua ya siku nzima inawezekana.

Na manyunyu ya Juni na Julai, ni masika yaliyobaki?

Si hasa. Kwenye kipupwe bahari imepoa kidogo, na juu kuna hewa kavu inayoshuka, kama kifuniko cha sufuria. Mawingu ya baharini yanafika kwenye kifuniko hicho na kuishia hapo. Ni mafupi, yanapita mbiombio, yanaangusha rasharasha ya dakika tano, jua linatoka. Radi ni adimu miezi hiyo.

Milimita 50 ni mvua ya kiasi gani?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotaja mvua kubwa, huwa na maana ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Paa la mita 5 kwa 8 lina mita za mraba 40, basi milimita 50 ni lita 2,000: tangi zima kutoka paa moja dogo. Sasa hesabu mapaa ya mtaa wako, kisha nenda kautazame mtaro. Na kwa kuwa maji hayo huzama pia ardhini, kisima kifupi kilicho karibu na choo, maji yake yachemshwe msimu wote.

“Upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2”: ngalawa itoke?

Isitoke. Wengi husikia mita 2 wakadhani ndilo wimbi kubwa kuliko yote. Kipimo hicho kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa; wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili yake. Tena wakati wa kusi mkondo wa bahari nao unakimbia kwenda kaskazini, kwa hiyo mashine ikizima, chombo hakibaki pale ulipo. Katika taarifa za Mamlaka, angalizo huwekwa rangi ya njano, tahadhari rangi ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu. Mimi naona njano yatosha kwa chombo kidogo kubaki ufukweni.

Upande nao una maana. Paje na Makunduchi zinatazama kusi usoni. Mji Mkongwe umekingwa na kisiwa chenyewe. Bahari shwari bandarini Malindi, pale mjini, haikuambii lolote kuhusu Paje.

Vimbunga je?

Ni nadra, ila si hadithi. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kikafika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024.

Upepo wote huu unakwenda wapi?

Ukipita Lamu unazidi nguvu. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliuchora mwaka 1969: mto wa hewa unaovuka ikweta kwenye pwani ya Kenya, kasi yake kubwa ikiwa kama mita 1,500 juu, ukipinda Somalia kuelekea Arabuni na India. Pwani ya Dhofar, Oman, unavuta maji baridi kutoka vilindini, hewa inapoa, na Salalah inafunikwa na ukungu na manyunyu kuanzia Juni hadi Septemba, milima ikawa kijani. Wenyewe huita msimu huo kharifu, na watu wa Muscat hukimbilia huko kupunga upepo. Manahodha wa zamani hawakuwa na hamu hiyo. Aliyechelewa kuondoka Unguja Mei alijua bahari ya kule imefungwa Juni na Julai, basi alipandisha jahazi mchangani, akalipaka mafuta ya sifa, akangoja demani, kusi inapolegea.